Safari Isiyokuwa ya Miguu

Kazini nilikuwa nikiandika neno kutembea mara ishirini kwa siku. Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, mwendo mfupi wa basi kutoka Parramatta, huku Sydney, na kila zamu ikiisha tulikaa mezani kujaza taarifa za wazee tuliowahudumia. Bibi wa chumba cha nne ametembea mpaka bustanini. Babu wa chumba cha tisa ametembea kwa kushikwa mkono. Bibi wa chumba cha pili leo hakutembea. Kiingereza changu nilikiokota huko huko kazini, maana shule niliishia darasa la saba, Tanga, na neno lao la kutembea nilikuwa nalijua herufi kwa herufi. Kwa hiyo nilipofika mahali pa kutaja sababu katika fomu ya kuomba likizo, sikuhangaika. Niliandika kwamba mume wangu alifariki mwaka uliopita, na kwamba nataka kutembea Ulaya, peke yangu, kwa wiki tano.

Sikujua kwamba neno lao lina miguu tu. Letu lina miguu, lina kwenda kuwaona watu, lina kuzurura, lina kupumzika mbali na nyumbani. Mtoto akienda kwa shangazi yake siku ya sikukuu, amekwenda kutembea, hata kama amepelekwa kwa gari mpaka mlangoni. Mimi nilitaka kutembea kwa namna hiyo, isipokuwa bila shangazi.

Mume wangu alifariki mwaka ule Sydney ilipofungwa. Hakufa kwa korona. Watu wengi hudhani hivyo nikiutaja mwaka, na nimechoka kusahihisha. Moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa amekaa kitandani kwetu Toongabbie anavaa soksi. Waliruhusiwa watu kumi kumzika. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, hivyo nilibaki ndani na binti yangu, na wale kumi walikuwa wanaume tuliowachagua kwa sababu wanakaa karibu, si kwa sababu walimpenda. Shoga yangu mkubwa, mtu wa Mombasa, anakaa Liverpool ya huku huku Sydney. Si mbali, lakini mwaka ule Liverpool ilikuwa kama ng'ambo, watu wa mitaa yake walizuiwa kutoka. Alipika pilau akampa mtu mwenye kibali cha kazi. Kengele ililia, nikafungua mlango, nikakuta sufuria chini na mgongo wa mtu unaondoka. Khitma tuliisoma kwa simu. Sauti zilipishana, mmoja yuko aya ya tatu, mwingine ya tano, mpaka kila mtu akazima kipaza sauti chake na mimi nikabaki naisikia sauti yangu peke yake.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mji mzima ulikaa eda pamoja nami. Hakuna aliyetoka ila kwa haja, hakuna aliyejipamba, hakuna aliyealikwa mahali. Nasema kweli, ilinifariji. Watu wangekuwa wanakwenda harusini na mimi nimekaa ndani, ningeona ugumu zaidi. Mwezi wa kwanza sikutoka kabisa. Kisha nyumba ya wazee ikaishiwa wahudumu, wengine wakiugua na wengine wakiwekwa karantini, nikarudi kazini mchana na barakoa yangu, na kabla jua halijazama niwe kwangu.

Wakati huo ndipo nilipopangiwa zamu moja na mwenzangu wa Slovakia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja Australia kukaa mwaka mmoja kabla mipaka haijafungwa, akakwama. Mzee asiyeweza kusimama hunyanyuliwa kwa mashine, na sheria inataka watu wawili, mmoja ashike rimoti na mwingine ashike miguu ya mzee. Katika kunyanyua huko tulizungumza mengi. Aliniambia kwao mtu akiamka Jumamosi anatazama hali ya hewa. Kama kwao kuna mvua na kule kuna jua, anapanda basi linalokwenda kwenye jua, na chakula cha mchana anakila katika nchi nyingine.

"Unamuaga nani?" nikamuuliza.

"Simuagi mtu."

"Na ukifika kule unafikia kwa nani?"

Hilo hakulielewa, na mimi sikupata Kiingereza chake. Nilijaribu njia nyingine. Nani anajua kwamba unakuja? Nani amekuwekea chakula? Nani atakasirika ukilala kwa mwingine?

"Hakuna," akasema, akiishusha mashine taratibu. "Hiyo ndiyo raha yake."

Bibi tuliyekuwa tunamshusha akasema kutoka kwenye mkanda wake, "Nishusheni kwanza, halafu mwende huko Ulaya."

Tulicheka, lakini lile neno "hakuna" lilinikaa. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na sijawahi kufika mahali ambapo hakuna aliyenitandikia. Kila likizo yangu tangu nihamie Sydney ilikuwa Tanga, na kila mara kwa sababu, harusi ya huyu au msiba wa yule. Nilikwenda na masanduku mawili yaliyojaa vitu vya watu, nikalala kitanda kimoja na binamu watatu, nikatoa maelezo kwa nini nimeanza kwa mjomba na si kwa mama mkubwa, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Sikuwachukia. Ila sijawahi kulala hata siku moja mahali ambapo hakuna anayelijua jina la baba yangu.

Eda yangu ilipokwisha, mipaka ilikuwa imefunguliwa. Mwenzangu akarudi kwao. Mwaka mpya ulipoingia, ugonjwa ukasambaa kuliko mwanzo, wazee wakafungiwa vyumbani, sisi tukajitia vijiti vya kupima puani kila asubuhi kabla ya kuingia. Katikati ya hayo nikaamua. Nilimwambia shoga yangu kwanza, nyumbani kwake Liverpool, tunakunywa chai.

"Nataka kwenda kutembea Ulaya."

"Haya mama! Mjane wa juzi anatembea! Unatembea na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mwanamke anayetembea peke yake, neno lenyewe linakataa." Akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Kisha akawa mtu mzima. "Utafikia kwa nani?"

"Sifikii kwa mtu."

"Hotelini? Kama mtu asiyekuwa na watu? Ninaye mtoto wa kaka yangu Uingereza, nitampigia."

"Usimpigie."

"Si bora basi ukaenda Umra, ukamwombea marehemu?"

"Umra nitakwenda, inshallah. Hii si Umra."

"Sasa ni nini?"

Wiki iliyofuata nikajaza fomu.

Meneja wetu alikuwa mwanamke mwenye haraka, mtu wa kusema hapana kabla hujamaliza swali. Wahudumu wanne walikuwa wameomba likizo ndefu mwaka ule na wote aliwanyima, kwa kuwa watu hawakutosha. Mimi aliniita siku ya pili. Alinishika mkono, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa tangu ugonjwa uanze, akasema nimepewa wiki zote tano, mwezi wa sita, nisiwe na wasiwasi. Macho yake yalikuwa na machozi. Nilishangaa, nikadhani labda naye amefiwa.

Ijumaa moja baada ya hapo, zamu yangu ilipoisha, aliniambia nisiondoke, niende ukumbini. Nilikuta wazee wamepangwa nusu duara kwenye viti vyao. Mezani palikuwa na keki na boksi. Nilipoiona keki nilijua nimefukuzwa kazi, kwa sababu watu wale hawamfukuzi mtu bila keki.

Meneja akasimama akatoa hotuba. Alisema mwenzao ameamua kupita njia ya kale ya mahujaji, kaskazini ya Uhispania, mamia ya kilomita kwa miguu mpaka mlango wa kanisa, kwa kumkumbuka mume wake. Alisema hajawahi kusikia mtu wa dini yangu akiifanya safari hiyo, na kwamba aliposoma fomu yangu alilia ofisini. Wote wakapiga makofi. Ndani ya boksi kulikuwa na mabuti ya ngozi ya kahawia, ya saizi yangu. Walikuwa wamepima kiatu changu kabatini nikiwa kazini.

Bibi wa chumba cha pili, ambaye hakuwahi kumficha mtu neno, akauliza, "Unakwenda na goti lipi? Hilo unalolilalamikia kila Jumatatu?"

"Mwache," akasema babu wa chumba cha tisa, aliyekuwa mwashi ujanani. "Goti litapona njiani. Langu lilipona siku nilipoacha kulipeleka kazini."

Nilikuwa na keki mdomoni. Nilipoimeza nikasema asante, na hilo ndilo neno pekee nililosema. Wakataka niyavae. Nikayavaa, nikazunguka ukumbi mara mbili, wao wakihesabu hatua kwa sauti kama watoto.

Nilirudi nyumbani kwa treni na boksi mapajani. Nilipomweleza binti yangu, alikaa chini sakafuni kwa kicheko. "Mama, wewe Parramatta tu unapotea, na wanadhani utavuka Uhispania kwa miguu!" Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba yake afariki, nikamwacha acheke mpaka atosheke. Kisha akanikanya. Nisiseme kitu. Wiki tano hakuna anayepewa mwaka huu. Nikisema, wataziondoa.

Shoga yangu naye, kwa simu, alikuwa upande huo. "Nyamaza, shoga. Viwanja vya ndege vyenyewe mtu anatembea mpaka anatamani machela. Ukirudi, sema nilitembea. Utakuwa umedanganya?"

"Nitakuwa nimedanganya."

"Basi tembea siku moja, kisha panda basi. Mungu anajua nia."

"Nia yangu anaijua. Hilo ndilo tatizo."

Jumamosi na Jumapili nilikuwa na maneno ya pande zote mbili. Sitajifanya kwamba niliamua mara moja. Nilizitaka zile wiki tano kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu niwe mtu mzima. Nilijiambia kwamba kosa si langu, ni la neno. Nilijiambia kwamba Wazungu wanapenda hadithi nzuri, na kuwanyima ni ukali. Na kweli jambo la miguu ningeweza kulimeza. Lililonikwama ni lile la kumkumbuka mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Alinisubiri stesheni kila zamu yangu ilipochelewa, mvua au baridi, miaka yote, na hakuwahi kunipandishia sauti mbele ya watu. Lakini hakupenda safari isiyokuwa na sababu. Kwake safari ilikuwa usumbufu, aende mwenye shida. Mwaka mmoja nilimwomba twende Melbourne kwa treni, tutazame tu, tulale siku mbili. Aliweka gazeti chini akaniuliza, "Tuna nani Melbourne?" Hatukuwa na mtu Melbourne. Hatukwenda, na sikugombana naye, kwa sababu swali lake lilikuwa la kawaida, hata mama yangu angeliuliza hivyo hivyo. Angekuwa hai, nisingekwenda Ulaya. Hiyo ndiyo hesabu, na haikuwa na njia nyingine ya kuipiga. Nilikuwa napata kitu nilichokitaka kwa sababu yeye amekufa. Kuwaambia watu kwamba ni zawadi ninayompa yeye kungekuwa kumsingizia maiti, na kujipamba mimi.

Jumatatu niliingia ofisini kwa meneja na boksi mkononi. Nilimwambia nimeandika neno vibaya. Nilimweleza maana yake kwetu. Alicheka kwanza, akaweka mkono usoni, akasema hii hadithi ataisimulia mpaka azeeke. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo ni likizo," akasema. "Likizo tu."

"Likizo tu."

"Unajua niliwanyima wengine wanne. Yako niliitetea kwa wakubwa. Niliwaambia huyu anaomboleza."

"Ninaomboleza. Lakini siendi huko kuomboleza."

Nadhani alitaka kunisaidia, maana hakuwa mtu mbaya. "Niambie tu kwamba sehemu ya safari ni kwa ajili yake. Siku moja. Mshumaa mmoja kanisani, au kwenu mnafanya nini, dua moja. Niandike hivyo na tusirudi tena kwenye jambo hili."

"Dua ninamwombea kila siku hapa hapa, chumba cha kubadilishia nguo. Haihitaji likizo." Nikaliweka boksi mezani kwake. "Mume wangu hakupenda safari. Ninakwenda kwa kuwa hayupo. Siendi kwa ajili yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na nililisema kwa lugha ya watu. Kwa Kiswahili sijui kama ningeliweza.

"Basi wewe ni sawa na wengine," akasema.

"Niweke sawa na wengine."

"Sawa na wengine ni hapana mpaka mwezi wa tisa. Na mwezi wa tisa ni wiki mbili."

"Nitazichukua."

"Wiki mbili kutoka hapa mpaka Ulaya? Utakufa kwa uchovu."

"Nitapumzika nikirudi kazini."

Hakutaka kucheka lakini alicheka. Aliyachukua mabuti kuyarudisha dukani. Niliwaambia wazee mwenyewe, chumba kwa chumba, na wengi walisikitika, maana walikuwa wamekwisha kubandika ramani ukutani. Bibi wa chumba cha pili peke yake aliridhika. "Nilijua," akasema. "Goti halidanganyi."

Wale wenzangu wanne hawakunipenda sana kwa miezi kadhaa, na sikuwalaumu.

Mwezi wa tisa nikaondoka na begi moja la mgongoni, kama mwanafunzi. Mwenzangu wa Slovakia ndiye aliyeniandikia kwamba ndege na mabasi ya bei rahisi yanataka begi dogo. Kilichonishangaza kuliko kuruka angani ni kwamba hakuna mtu aliyenipa mzigo wa kupeleka. Nani angenipa, na nampelekea nani? Nguo mbili, viatu vya kazini, kanga, msala, dawa ya goti, na mfuko wa barakoa. Binti yangu alinisindikiza uwanja wa ndege, akanipima kwa macho, akasema naonekana kama mtu aliyeibiwa mizigo yake.

Nilishukia Vienna asubuhi. Kwenye treni zao walikuwa bado wanataka barakoa, nikavaa yangu, nikajiona mwenyeji. Afisa wa uhamiaji alifungua pasi yangu ya bluu, ya Australia, akagonga muhuri, hakuniuliza kitu. Nilisimama pale nikingoja swali mpaka akaniashiria nipite. Hapa niseme jambo ambalo wanaosifia urahisi wa Ulaya hawalisemi sana. Urahisi ule hauko kwenye mabasi. Uko kwenye pasi. Dada yangu wa Tanga, mwenye sura yangu na umri karibu na wangu, angeombwa barua ya mwajiri, taarifa za benki, na jina la mtu wa kufikia kwake. Mimi ni yule yule mtoto wa baba yetu, nimebadilishiwa rangi ya kijitabu, na milango ikafunguka.

Lakini ilifunguka, na siwezi kukana ilivyokuwa tamu. Nililala hosteli, chumba cha wanawake sita, kitanda cha chini kwa heshima ya goti. Asubuhi ya tatu niliamka, nikaona sina haja tena na Vienna. Nikaenda stesheni ya mabasi. Nauli ya kwenda Bratislava ilikuwa chini ya teksi ya kutoka Parramatta mpaka kwangu. Nikapanda, nikakaa dirishani, nikasinzia, na nilipoamka mabango ya barabarani yalikuwa yamebadilika lugha. Nilimuuliza mama aliyekaa pembeni yangu kama tumefika mpakani. Akasema mpaka tumeuacha nyuma zamani.

Nilikaa nikitazama mashamba. Mwaka mmoja nyuma, Sydney, polisi walikuwa barabarani kumuuliza mtu ametoka mtaa gani, na sufuria ya pilau ilihitaji kibali kutoka Liverpool mpaka Toongabbie. Na hapa nimeingia nchi ya watu nikiwa nimelala mdomo wazi.

Chakula hakikunisumbua. Kila mji una Mturuki anayechoma nyama, unamtolea salamu, anaitikia kwa mkono kifuani, anakuongezea mkate. Mmoja aliniuliza niko na nani. Nilipomwambia niko peke yangu, alitazama nyuma yangu mlangoni, kama mtu anayedhani nina utani. Mwenzangu wa Slovakia alitaka nilale kwao. Nilimshukuru, nikaenda kunywa kahawa na mama yake siku moja, nikarudi hosteli. Mama yake hakunielewa. Yeye alinielewa.

Makosa nilifanya. Nilipanda basi la upande usio wangu mara mbili, na mara ya pili sikushuka, kwa sababu niligundua kwamba hakuna upande ambao si wangu. Siku nyingine mvua ilininyeshea, goti likavimba, nikalala mchana kutwa hosteli nikisikia wasichana wanazungumza lugha nisizozijua, na hiyo nayo ilikuwa safari. Nililia mara moja tu. Haikuwa kanisani wala mtoni. Ilikuwa dirisha la tiketi, muuzaji aliponiuliza "wangapi?" nikanyanyua vidole viwili.

Siku ya tisa nilifika mji mdogo ambao jina lake lina herufi zenye vikofia juu. Nilikuwa nimechagua basi hilo kwa sababu lilikuwa na viti vitupu. Nilizunguka sokoni, nikanunua peasi zangu mbili, nikakaa kwenye ngazi za jengo la manispaa nikila. Saa ya mnara ilipogonga saa sita niligutuka. Tangu niamke sikuwa nimemfikiria mume wangu. Si mara moja. Nilikuwa nimefunga begi, nimetafuta basi, nimesoma majina ya vituo, nimechagua peasi, na yeye hakuwemo katika lolote.

Nilimpigia binti yangu simu. Kwao ilikuwa saa mbili usiku.

"Uko wapi?" akauliza.

"Sijui linavyotamkwa. Ngoja nikusomee herufi."

"Umefikaje huko?"

"Basi lilikuwa na nafasi."

"Mama! Na kesho unakwenda wapi?"

"Kesho niamke kwanza."

Akacheka kidogo, kisha akauliza alichotaka kuuliza. "Unamkumbuka baba huko?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli kwa siku nane. "Leo sikumkumbuka mpaka saa sita mchana," nikamwambia.

Nilidhani nimemuumiza. Halafu akasema, polepole, "Mimi kuna wiki nzima ilipita hivyo. Mwezi wa nne. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani utanichukia."

Nilitaka kumwambia mengi. Nikamwambia basi langu linaondoka, nitampigia kesho. Hakukuwa na basi. Nilikaa na simu mapajani nikijua kwamba nimemdanganya mwanangu, mimi niliyerudisha viatu kwa sababu ya neno moja. Nikafuta mikono, nikavaa begi, nikaenda stesheni kwa haraka kadiri goti lilivyoruhusu. Dirishani mwanamke aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwuliza lipi linaondoka sasa hivi. Akaangalia saa, akaniambia kuna moja, dakika nne, na akalitaja jina ambalo sikulisikia vizuri.

"Mmoja," nikasema, na nikaonyesha kidole kimoja.